Mashine ya Pili ya Mama wa Karanga

Mbukwenyi! Haya, wenyeji wameitika, wageni wametabasamu, tuanze.

Leo ni linia programingi, yaani hesabu ya kugawa vitu vichache ulivyo navyo ili upate faida kubwa kabisa. Msikunje sura. Ni ile ile ya kidato cha nne: unachora mistari, unapiga kivuli upande usiotakiwa, unasoma pembe za umbo lililobaki. Mliifanya, mkapata maksi zenu, mkaitupa pamoja na daftari. Na leo mnafanya biashara kwa kubahatisha huku dawa mliisomea.

Nitawaambia habari ya mama mmoja. Walionisikia siku nyingine wanaijua, wavumilie. Anatengeneza siagi ya karanga na karanga za kukaanga za pakiti, hapa hapa Dodoma, chumba kimoja cha uani. Alinijia na fomu ya mkopo mkononi. Anataka mashine ya pili ya kusagia, kwa sababu iliyopo inafanya kazi mpaka inachemka. Nikamwambia, mama, fomu weka chini ya kiti kwanza. Lete daftari.

Daftari lilikuwa la kaunta, limejaa mafuta, ila limeandikwa vizuri kuliko vitabu vya kampuni nilizowahi kuona. Kwa wiki mtaji wake unamnunulia kilo 300 za karanga. Jiko linawaka saa 40, maana anayekaanga ni binti mmoja, siku tano, saa nane kwa siku. Mashine saa 30: siku sita, saa tano tano, ikizidi hapo inanuka. Katoni ya siagi inakula kilo 10 za karanga, saa moja ya jiko na saa moja ya mashine, inaacha faida ya shilingi 18,000. Katoni ya pakiti inakula kilo 6 na saa moja ya jiko pia, kwa kuwa hizo zinakaangwa taratibu na chumvi. Mashine haigusi. Faida 12,000.

Ninyi mngefanyaje? Naona mnasema siagi, siagi. Ndivyo alivyofanya na yeye. Katoni 30 za siagi kwa wiki, karanga zimeisha, mashine imejaa, faida 540,000. Akiangalia chumbani anaona kitu kimoja tu kinalalamika, nacho ni mashine. Lazima aone mashine ndiyo tatizo! Kelele anapiga nani? Mashine. Karanga zikiisha hazipigi kelele.

Tukachora, kila kikomo na mstari wake. Mstari wa karanga, mstari wa jiko, mstari wa mashine. Karanga na jiko vikakutana kwenye katoni 15 za siagi na 25 za pakiti. Pigeni wenyewe: kilo 150 na kilo 150, saa 40 kamili. Faida 570,000. Elfu 30 zaidi kila wiki, bila kununua hata msumari. Na mashine? Inafanya kazi saa 15, saa 15 nyingine imelala. Mashine iliyotaka kuzaa pacha kwa mkopo wa riba ilikuwa haina kazi nusu ya muda wake!

Hapo ndipo ninapopataka, na ndipo mwalimu wa kidato cha nne hakufika kwa sababu kengele ililia. Kila rasilimali ina bei yake ya kivuli. Maana yake: ukiongezewa kipimo kimoja cha kitu hiki, faida inapanda kiasi gani? Kwa huyu mama kilo moja ya karanga inaongeza 1,500. Saa moja ya jiko, 3,000. Saa moja ya mashine, sifuri. Yaani hata ukimpa mashine ya bure, anapata kitu cha kufuta vumbi.

Kwa hiyo mchuuzi wa karanga aliyekuwa anamtaka achukue kwa mali kauli, kwa bei ya juu kidogo, nyongeza ya shilingi 500 kwa kilo, na yeye akimfukuza kama mwizi, kumbe alikuwa anamletea shilingi 1,000 kwa kila kilo. Wakati afisa mkopo aliyekaribishwa chai ndiye alikuwa anakuja kuchukua.

Mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Anasema, mwanangu, uzoefu unatosha. Shikamoo, mzee. Uzoefu nauheshimu. Mwaka 1945 mchumi wa Marekani, George Stigler, alitafuta chakula cha bei rahisi kabisa kinachotosha mwili kwa mwaka. Kwa kukisia kwa akili akapata dola 39.93. Mwaka 1947 wakaikokotoa kwa njia ya George Dantzig, Mmarekani aliyebuni namna ya kukokotoa hesabu hizi, makarani tisa na mashine zao za mkono, jibu likawa dola 39.69. Senti 24 tu! Kwa hiyo mzee una haki. Lakini Stigler alikuwa Stigler, na hakuwa na marejesho ya kila Ijumaa. Na jibu lenyewe lilikuwa vitu kama unga, kabichi na maharage mwaka mzima, kwa sababu hakuna aliyeandika mstari wa utamu. Mlenda nao ungepaswa kuwa na mstari wake. Usichokiandika, hesabu haikijui.

Kongwa pale, Waingereza mwaka 1947 walianza mradi wao mkubwa wa karanga; kwa maeneo yote ya mradi walihesabu ekari zaidi ya milioni tatu na matrekta. Mvua na udongo unaokuwa kama saruji wakati wa kiangazi havikuwa na mstari. Mwaka 1951 wakafunga.

Soko la siagi likijaa je? Mstari mwingine. Bei ikishuka ukiuza nyingi? Hapo mistari inapinda, ni somo lingine. Jibu likitoka nusu lori? Lingine tena. Bidhaa zikiwa tano, karatasi haitoshi, tumia Excel, ina kitu kinaitwa Solver. Usafirishaji wa mahindi kutoka soko la Kibaigwa nilitaka kuueleza, mwenyekiti ananionyesha saa, basi.

Nimalizie mama. Alichukua kilo 60 za yule mchuuzi. Siagi 30, pakiti 10, faida 660,000 kabla ya kumlipa mchuuzi nyongeza yake ya elfu 30. Karanga zimeisha, jiko limejaa, mashine imejaa, vyote wiki moja. Akanipigia simu kwa furaha: "Mwalimu, sasa nikope mashine?" Tukachora tena. Mashine peke yake, sifuri. Karanga peke yake, sifuri. Jiko, saa moja, 3,000.

Akamuuliza binti kama anaweza kubaki mpaka saa kumi na mbili jioni.