Mtoto Aandike, Mwenzake Atende
Walimu wenzangu, hili la kupima maelekezo ya mtoto kwa kuyatenda nimelisema kwenye semina nyingi na leo nalirudia, kwa sababu nikifungua madaftari ya darasa la tatu nakuta yale yale. Mtoto kaeleza namna ya kutengeneza kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa kamba, mwalimu kapita na kalamu nyekundu, kasahihisha herufi kubwa na nukta, kampa nane ya kumi. Kama kibuyu chenyewe kitatoa maji, hakuna aliyejiuliza.

Chukueni dumu la lita 5, msumari, kamba na vijiti. Mtoto asome alichoandika mwenzake, afanye hicho tu, asiongeze la kwake. Imeandikwa, "Toboa dumu." Wapi? Hakuambiwa, basi anatoboa karibu na kitako. "Jaza maji." Anajaza, yanammwagikia miguuni. Hapo mwandishi anaruka kutoka kwenye dawati: "Si huko! Juu!" Mwalimu, mzuie! Asiseme neno. Arudi kwenye daftari aandike: "Toboa tundu moja dogo upande wa juu, mkabala na mshikio. Jaza maji, yasifike kwenye tundu." Sentensi hiyo kaitafuta mwenyewe, maana haja yake kaiona kwa macho.

Najua kuna atakayeniambia darasa lake lina watoto tisini. Dumu ni moja, mtendaji ni mmoja, themanini na tisa wanatazama madaftari yakiwa wazi. Mwingine atasema muhtasari wa masomo hautusubiri. Jamani, ni vipindi vingapi vinaishia kunakili ubaoni maelekezo ambayo hakuna atakayeyafuata? Tupunguze huko kwanza.

Halafu vipimo. Maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha ni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikisawazishwa, visirundikwe. Mtoto akiandika "chumvi kidogo", kuna nyumba ambayo kidogo ni kiganja kizima, na chumvi ikizidi inamdhuru mgonjwa. Hili msilipitishe hata kama mwandiko unapendeza.

Nilikusudia kuzungumzia michoro kwa kirefu, lakini naonyeshwa saa. Kwa ufupi, ije baada ya maneno. Mtoto akianza kuchora, hataona sababu ya kuandika. Na kila hatua ipewe mstari wake. Karibuni maswali.