Boga la mzee, msimu wa sikukuu

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo mambo vipi! Leo tuko jikoni hapa Ohio. Nje majani yanapukutika, na Alhamisi ya nne ya Novemba ni Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo meza za Wamarekani hujaa bata mzinga na pai zenye sukari tele. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na inaniuma kumwona mzee mwenye kisukari akikaa mikono mitupu wenzake wanakula.

Chukueni boga. Huku watu huyachonga sura kwa Halloween, ile sherehe ya kuvaa vinyago ya tarehe 31 Oktoba, na ikishapita bei hushuka. Lililochongwa likakaa nje usile. Tafuta zima, dogo, lile tamu la kupikia. Likate, paka mafuta kidogo, nyunyiza mdalasini, tia oveni mpaka lilainike kabisa.

Ukitaka la kopo, haya tazameni makopo haya mawili. Hili ni boga tupu. Hili ni la pai, limeshatiwa sukari. Yanapangwa pamoja dukani na yanafanana, kwa hiyo someni maandishi! Nusu kikombe cha boga tupu kinatosha vitamini A ya siku nzima. Mimi nalichanganya na mtindi usio na sukari, hata asiye na meno analifurahia. Kipimo kiwe hicho hicho kidogo, maana boga nalo lina wanga.

Mbegu zikaange bila chumvi. Ila mzee anayepaliwa asipewe mbegu nzima, wala karanga, wala bisi.

Tufaha nalo litoe moyo, jaza oti (ile nafaka ya uji, oats) na mdalasini, lioke. Ganda liache kama anaweza kulitafuna, linasaidia choo. Na mpe kikombe cha chai ya rangi pembeni, kwa sababu uzeeni kiu hupungua na mtu husahau kunywa.

Mlioko huku na wazazi, ulizieni kuponi za serikali za wazee wa kipato kidogo, miaka 60 na zaidi. Wananunulia matunda na mboga kwa wakulima wenyewe.

Na nyie wa nyumbani, nawaomba sana: boga lipo shambani, sisi tunampelekea bibi biskuti na juisi za paketi tukidhani ndiyo heshima. Mpikieni boga! Niandikieni hapo chini, bibi yako analipenda la nazi au la kuchemsha tu?