Kufuli Tatu za Sanduku la Hisa

Ndugu zangu wa kamati za maji, walionisikia kwingine watanivumilia, maana narudi kwenye sanduku la hisa, lile la vikundi vya kuweka na kukopa. Mzee wangu pale nyuma ameshaanza kucheka. Cheka tu, mzee, siachi mpaka nijibiwe: kwa nini kamati zetu zinamtegemea mtu mmoja?

Akina mama wa hisa mnawajua. Watu ishirini, ishirini na tano, chini ya mwembe, na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na mwenyekiti hayumo, wala anayelala na sanduku nyumbani kwake hayumo. Wanaohesabu fedha ni wawili wengine kabisa, kwenye beseni, macho ya wote yakitazama. Kikao kikiisha salio linatajwa kwa sauti, kila mtu anaondoka nalo kichwani. Wiki inayofuata, kabla fedha hazijaguswa, mwenyekiti anauliza: mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana, tuliuacha na shilingi ngapi? Anayewahi kujibu ni bibi asiyejua kusoma! Zinahesabiwa, zinalingana. Mzunguko ukiisha, mwaka mmoja hivi, wanagawana na kuchagua viongozi upya. Mwenyekiti akihamia kwa bintiye Morogoro, kikao cha Jumatano kipo palepale.

Sasa njooni kwetu. Daftari la wachangiaji liko kwa mwenyekiti, chini ya godoro. Spana ziko kwa mwenyekiti. Namba ya fundi imo kwenye simu ya mwenyekiti. Akishikwa na malaria, kijiji kizima kinarudi mtoni na ndoo. Na bado tunamsifu, "huyu anajitolea kwelikweli"! Makamu wake je? Kazi yake kukaa meza kuu siku mkuu wa wilaya akija.

Mtaniambia watu hawapatikani, wasomi wote wako mjini. Yule bibi ni msomi? Watu hawakatai kazi, wanakataa kazi isiyo na mwisho. Mwambie mtu asome mita miezi mitatu kisha ampokeze jirani, atakubali. Mwambie awe katibu, anajua kutoka ni mpaka azikwe.

Mwingine ataniletea sheria ya 2019, ile iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwamba siku hizi chombo cha watumia maji kinaajiri fundi na mhasibu. Vizuri, wenye mapato waajiri. Lakini huyo mhasibu hesabu zake anamsomea nani? Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, na kuna vijiji unakumbukwa uchaguzi ukinukia.

Ya vijana nilikuwa nayo mengi, ila mshereheshaji ananionyesha saa. Wanawake kwenye kamati, hivyohivyo, niulizeni baadaye. Nauli tu siiachi. Mtu ametoa muda wake na nguvu zake, halafu petroli ya bodaboda ya kwenda wilayani aitoe mfukoni mwake? Iwekwe kwenye bajeti, isomwe mbele ya watu, alipwe siku hiyohiyo. Aliyechoka kugharamia hagombani na mtu, anaacha tu kuja vikaoni, nanyi mnabaki kusema ana dharau. Haya, chai imefika. Mwenye ubishi anifuate hukohuko.