Anza na Ncha: Kuisoma na Kuitunza Taliti ya Rabi

Mabibi na mabwana, karibuni. Ukiletewa shuka ya sufu nyeupe yenye milia myeusi, ukaambiwa ni taliti, yaani shuka ya sala ya Wayahudi, aliyokuwa akisalia rabi fulani mcha Mungu, liache kwanza jina la rabi. Shika ncha. Kinachoifanya shuka kuwa taliti ni vishada vya ncha zake nne, vilivyoamriwa katika Hesabu 15 na Kumbukumbu la Torati 22:12. Yale matamvua yanayoning'inia mwisho wa kitambaa ni pambo tu, na wengi huyachanganya na vishada.

Tazameni kitambaa cha mfano kilicho mbele yenu. Tundu halipiti upana wa vidole gumba vitatu kutoka ukingoni, wala halikaribii ukingo zaidi ya urefu wa pingili ya juu ya kidole gumba. Hapo hupitishwa nyuzi nne, zikikunjwa zinakuwa nane. Mmoja ni mrefu kuliko wenzake. Huo huitwa shamashi, yaani mtumishi, na ndio unaozungushwa. Hufungwa fundo maradufu, kisha mizunguko, kisha fundo tena, hadi mafundo matano yenye mapengo manne kati yao. Inapendeza sehemu iliyozungushwa iwe theluthi moja, na theluthi mbili ziachwe huru.

Sasa hesabuni mizunguko. Mkipata 7, 8, 11 na 13, huo ni mtindo wa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki. Jumla ni 39. Kila herufi ya Kiebrania ni tarakimu pia, na 39 ni sawa na thamani ya herufi za Jina la Mungu pamoja na neno "mmoja". Mkipata 10, 5, 6 na 5, mko kwa Wasefardi, Wayahudi wenye asili ya Uhispania: hizo ni thamani za herufi nne za Jina lenyewe. Mizunguko iliyobanwa tatu tatu inaelekeza Chabad, kundi moja la Wayahudi wa Kihasidi, au Yemen. Na taliti ndogo, ile ya kuvaliwa chini ya shati, ikiwa na matundu mawili kila ncha, fikirieni Chabad.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Nyuzi huchakaa kabla ya kitambaa, na mwenye nguo hufunga mpya. Hesabu ya mizunguko inakueleza juu ya mkono wa mwisho uliofunga, na mkono huo huenda ni wa mrithi. Pima nyuzi na kitambaa kama vitu viwili.

Kuna sababu nyingine ya kuuliza maswali. Nje ya Nchi Takatifu, mwanamume kwa desturi huzikwa na taliti yake, na kishada kimoja hukatwa au kuharibiwa kwanza. Kwa hiyo taliti iliyobaki lazima iwe na njia yake: aliitoa akiwa hai, au alikuwa na zaidi ya moja. Ukikuta ncha moja imekatwa, usiitengeneze. Mkato huo huenda ndio ushahidi wako mkubwa.

Uzi wa samawi, ambao Hesabu 15 inaagiza uwemo katika vishada, unahitaji muda zaidi. Kwa karne nyingi rangi hiyo ilipotea, vishada vikabaki vyeupe. Mwaka 1887 Rabi Gershon Henoch Leiner wa Radzyń, Poland, alianza kuandika kwamba mnyama wa rangi hiyo ni dome, jamaa ya ngisi, na wafuasi wake wakavaa samawi yake. Mwaka 1913 Rabi Isaac Herzog, katika utafiti wake wa Chuo Kikuu cha London, alionyesha kwamba rangi ya Radzyń ni buluu ya Prusia: wino wa dome ulipikwa na chembe za chuma, na buluu ikatokana na kemikali za upishi wenyewe. Leo wengi wanaovaa samawi hutumia konokono wa bahari aina ya mureksi, ambaye rangi yake ikipigwa na jua chunguni hugeuka kutoka zambarau kuwa buluu.

Kwa mtunzaji, tofauti hiyo ina uzito. Buluu ya Prusia haivumilii alkali. Osha kishada cha Radzyń kwa sabuni ya kufulia, nacho kitageuka kahawia. Hakuna wa kukirudisha. Hata karatasi ya kufungia iwe ile isiyo na asidi na isiyotiwa chokaa, ambayo pia ndiyo inayoifaa sufu. Mwanga usizidi luksi 50. Usiitundike taliti, maana uzito wake utaivuta mabegani. Izungushe kwenye bomba pana lililofunikwa karatasi, vishada vikilala huru.

Viwavi vya nondo ndio adui wa sufu. Funga nguo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, igandishe kwa digrii -18 wiki mbili, kisha uiache humo siku nzima irudie joto la chumba. Ukifungua mapema, unyevu utagandamana juu ya kitambaa.

Na ukishona palipochanika, tumia uzi wa hariri au pamba, usitumie kitani kamwe. Sufu na kitani pamoja vimekatazwa katika Kumbukumbu la Torati 22:11, aya moja kabla ya ile ya vishada. Mishono miwili tu ya kitani inatosha kuifanya nguo ya rabi isiweze kuvaliwa na Myahudi mshika sheria.