Kifafa: yanayotokea ubongoni, na habari ya tegu

Ndugu zangu, tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho. Mtu anapiga ukelele, anaanguka, mwili unakakamaa. Ukelele ule si wa maumivu. Misuli ya kifua imekaza ghafla na kuisukuma hewa itoke kwenye koo lililobana. Kwa sekunde 10 hadi 20 hapumui sawasawa, midomo inapiga weusi. Kisha mikono na miguu hurusharusha kwa dakika moja au mbili. Mate hayamezwi, yanachanganyika na hewa, ndiyo lile povu. Povu hilo haliambukizi kifafa, hata likikudondokea mkononi. Kuna watu wameungua vibaya juu ya mafiga huku waliokuwa karibu wakiogopa kuwagusa!

Kwa hiyo mwondoe kwenye moto, mawe na maji. Mlaze ubavu, legeza kola, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni: ulimi haumezeki, ila meno huvunjika. Usimkandamize, wala usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Zikipita dakika 5 hajatulia, au kikimrudia kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali mara moja.

Sasa, kwa nini? Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, zikisaidiwa na kemikali. Nyingine huchochea, nyingine hutuliza. Mizani hiyo ikivurugika, kundi zima la seli hufyatua umeme kwa pamoja. Ukibaki upande mmoja, huenda ukaona mkono mmoja tu ukichezacheza, au mtu akikodoa macho na kutafuna pasipo chakula. Ukienea pande zote mbili, anaanguka.

Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kugonga kichwa kwenye ajali ya bodaboda: yote haya huweza kuacha kovu ubongoni, na kifafa kikaanza hata miaka kadhaa baadaye.

Tegu wa nguruwe tumweleze taratibu, maana hapa watu huchanganya. Ukila kitimoto isiyoiva yenye vifuko vya tegu, unapata mnyoo tumboni. Mnyoo huo hutaga mayai yanayotoka na choo chako. Anayeyameza mayai hayo, kwenye mchicha usiooshwa vizuri au mikono ya mpishi asiyenawa, ndiye lava (viluwiluwi vya tegu) hupenya utumbo wake, huingia kwenye damu na kujenga vifuko ubongoni. Hivyo hata asiyewahi kuonja nguruwe maishani anaweza kupata. Kifuko hukaa kimya kwa miaka. Kinapokufa, mwili hukishambulia, ubongo huvimba, kifafa huanza. Ndiyo maana dawa za kuua vifuko hazimezwi kiholela. Hutolewa hospitali baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya ubongo, pamoja na dawa za kuzuia uvimbe.

Na dawa za kifafa chenyewe? Kwa wagonjwa 7 kati ya 10, kifafa huweza kukoma kabisa wakitumia dawa inayowafaa. Fenobabitali, ambayo ni ya bei nafuu, humezwa mara moja usiku, na huchukua wiki 2 hadi 3 kufikia kiwango chake kwenye damu. Familia nyingi hukata tamaa wiki ya kwanza. Wengine huacha ghafla wakiona nafuu, nacho hurudi kwa nguvu mfululizo. Daktari hufikiria kupunguza dozi baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka, tena kidogo kidogo, kwa miezi.