Joto la Koili: Vali za Solenoidi Penye Hatari ya Mlipuko

Waheshimiwa wakufunzi, ndugu zangu mafundi, nanyi vijana mnaosomea umeme hapa Moshi, ahsanteni kwa kunipokea.

Mezani nimeweka koili mbili za vali ya solenoidi, yaani vali inayofunguka pale koili ya umeme inapovuta kiini cha chuma kilicho ndani yake. Zote ni za volti 230, zote zinaingia kwenye shina lilelile, na yoyote mtakayoifunga itafungua vali vizuri tu. Moja ina kibati chenye alama za Ex, yaani imethibitishwa kutumika penye hatari ya mlipuko, nyingine haina. Hii isiyo na alama niliikuta kwenye bomba la gesi ya kupikia, katika kituo kimoja cha kujazia mitungi, kwa sababu koili ya awali iliungua na fundi akachukua iliyopatikana dukani. Niliomba umeme ukatwe na gesi ifungwe kabla sijauliza swali lolote.

Tukisikia hatari ya mlipuko, wengi huwaza cheche. Lakini koili ya vali isiyo na hitilafu haina kontakti zinazoachana na kutoa cheche. Hatari tunayoisahau ni joto lake. Katika umeme wa AC, yaani mkondo geu, koili huvuta mkondo mkubwa mwanzoni, kisha kiini cha chuma kikishapanda hadi juu mkondo hushuka. Kutu au uchafu ukikikwamisha njiani, mkondo hubaki mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida, na koili hujipika yenyewe huku vali ikionekana imetulia. Koili ya DC, yaani mkondo mnyoofu, haina tabia hiyo, kwani mkondo wake hautegemei kiini kiko wapi.

Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya IEC 60079, vinavyohusu vifaa vya penye hatari ya mlipuko, vinadai kibati kitaje daraja la joto. T3 maana yake ni kwamba uso wa kifaa hautapita nyuzi 200 za Selsiasi, T4 nyuzi 135, T6 nyuzi 85. Na pasipoandikwa vinginevyo, ahadi hiyo ni kwa hewa isiyozidi nyuzi 40, jambo la kukumbukwa na yeyote anayefunga vali chini ya bati wakati wa kiangazi chetu. Kwenye koili zilizozamishwa katika resini, aina ya ulinzi inayoitwa m, vyeti vingi vinadai pia fyuzi isiyozidi mara 3 ya mkondo wa kawaida wa koili. Nimekuta fyuzi hiyo imebadilishwa kwa kipande cha waya, na hapo cheti chote hakina thamani tena.

Aina ya ulinzi inayoitwa d ni tofauti. Kasha lake halizuii gesi kuingia: gesi inaweza kuingia na hata kulipuka humo ndani, lakini kasha linahimili, na moto unaotoka kwenye mwanya mwembamba wa kifuniko hupoa kabla haujafika nje. Kwa hiyo msipake rangi wala silikoni ya kawaida kwenye nyuso za mwanya huo, wala msizikwangue kwa tupa. Tundu lisilotumika lizibwe kwa plagi yenye cheti, na gilandi, yaani kifungio cha kebo inapoingia kwenye kasha, iwe ya aina hiyohiyo ya ulinzi.

Kuhusu maeneo ya hatari nitasema kwa kifupi: gesi ikiwapo daima au kwa muda mrefu ni Zoni 0, ikitarajiwa kutokea mara mojamoja katika kazi ya kawaida ni Zoni 1, na ikitokea kwa nadra na kwa muda mfupi ni Zoni 2. Vumbi linaloweza kulipuka lina Zoni 20, 21 na 22, na wenzetu wa vinu vya unga na viwanda vya sukari wasidhani hayawahusu, maana vumbi likilala juu ya koili huifunika kama blanketi na kuzuia joto lisitoke.

Pale kituoni koili sahihi ilichukua wiki tatu kufika. Muda wote huo bomba lile lilibaki limefungwa kwa vali ya mkono, na msimamizi alikubali kujaza mitungi kwa mstari mmoja tu. Ilipofika, tulilinganisha kibati na cheti herufi kwa herufi, tukasafisha kiini, tukafunga fyuzi mpya, ndipo umeme ukarudishwa.