Duara kubwa si dawa kali

Haya jamani, hebu angalieni hii picha ukutani, ni kipimo cha kujua dawa gani inawaweza bakteria wa mgonjwa. Sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, nao wameota kote utando mweupe mweupe, halafu kuna hivi vidude vya karatasi, diski, kila kimoja upana milimita 6 tu na kimelowekwa dawa yake. Hiki kimezungukwa na duara safi, hakijaota kitu. Hiki kingine wamekuja mpaka wakaigusa karatasi, yaani hiyo dawa kwao ni maji tu.

Sasa swali ambalo siendi mahali nisiulizwe, si uchukue tu dawa yenye duara kubwa kuliko zote umpe mgonjwa? Hapana! Dawa hazisambai sawa kwenye agari, nyingine inakimbia nyingine inajikokota, kwahiyo kila dawa ina kipimo chake kwenye jedwali. Chukua bakteria E. koli, duara la milimita 18 kwa ampisilini ni sawa, dawa inamuweza, lakini milimita 18 hizohizo kwa siprofloksasini huyo ni sugu, andika R, yaani dawa haimuwezi. Kolistini ndo kabisa, molekuli lake kubwa halitembei, diski yake haiaminiki, ile inabidi uipime kwenye vishimo vyenye mchuzi wa kuoteshea bakteria, unaipunguza nusu kwa nusu mpaka uone ni wapi bakteria wanaanza kuota.

Na hata hilo duara lenyewe lina maringo. Agari iwe na kina cha milimita 4, bakteria uwakoroge mpaka ukungu wao ulingane na makfalandi 0.5, hicho ndo kipimo cha ukungu, wakizidi duara linasinyaa unamwita sugu bakteria ambaye siyo sugu, halafu inkubeta, lile kabati la joto, nyuzi 35, masaa 16 mpaka 18, huwezi kuharakisha hata wodi wakipiga kelele vipi.

Mimi mwenyewe nilishaharibu, niwaambie ukweli. Nilimwaga agari nyembamba, asubuhi napima na rula naona maduara makubwa kila sahani, nikafurahi kweli, leo wagonjwa wote wana bahati! Kuja kupima ile E. koli ya kudhibiti ubora, namba yake ATCC 25922, ambayo tunajua kabisa inatakiwa isome ngapi, nayo imevuka. Hapo nikaishiwa nguvu. Zote nikatupa, nikamwaga agari upya, nikapiga simu wodini kuwaambia majibu ni kesho.